Nobu ya Tatu

Nobu ya tatu ndiyo ingemmaliza Onsongo.

Persis aliijaribu tena kwa kidole gumba, kisha akairudisha kwenye sifuri. Kisanduku kilikuwa mapajani mwake, nyuma ya pazia: mbao, nobu nne za kuongeza na kupunguza sauti, na waya mrefu uliokwenda hadi kwenye amplifaya jukwaani. Alikiunda mwenyewe katika duka la kaka yake la kutengeneza redio, mjini Kisii. Nobu ya kwanza gitaa, ya pili sauti ya mwimbaji, Onsongo, ya nne mwangwi. Ya tatu ilikuwa ya maikrofoni ya mwitikiaji, na mwitikiaji siku hiyo hakuja. Maikrofoni yake ilikuwa imelala mezani mbele ya Persis, chini ya taulo.

Onsongo alimwajiri kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa nusu kwa kusimama mbele ya spika miaka kumi. Hakuijua sura ya Persis. Alimwita Gesare, jina la uongo ambalo Persis alimpa, wala hakuuliza zaidi.

Lakini jina la Persis alikuwa ameliimba soko baada ya soko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Onsongo: ukimpelekea kitu, alimsifu au kumwaibisha yeyote umtakaye, hata kama hamjui. Mwaka 1969 aliimba kwamba Persis, mke wa Machogu wa Kenyenya, aliingia chumbani kwa baba mkwe wake na kukaa kitandani. Kwa Mgusii huo ni mwiko mkubwa; akisikia hilo haulizi la pili. Kabla ya wimbi kuvunwa, Machogu alimtupia virago nje, na binti yao Nyamusi akabaki kwa akina baba yake. Ulikuwa uongo mtupu. Persis hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu Machogu auvunje kwa mpini wa jembe. Mara tatu alikuwa amekimbilia kwao Sironga, na mara tatu wazee wa ukoo walimrudisha kwa mumewe, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishamwolea kaka yake mke, na Persis akiondoka mwenyewe wangedaiwa. Mkono Persis alishausamehe. Wimbo hakuusamehe.

Aliyemtuma Onsongo alimjua bila kuambiwa: mama mkwe wake, Jemimah, ambaye hakumpenda tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni mwongo amtaje kwa kinywa chake, watu wote wasikie. Hapo nani angemzuia tena kumwona mtoto wake? Na Onsongo azomewe mpaka akose soko la kupigia gitaa lake.

Mama yake, Bosibori, alimsihi sana aachane na mambo hayo. Alisema yamepita, na kwamba yeye humshukuru Mungu kila Sabato kwa kumwona binti yake anapumua. Persis alikasirika. Akamwambia aje kwenye onyesho la Onsongo, Marani, Jumapili ajionee, na mama, kwa kumwonea huruma, akaja pamoja na wazee walewale wa ukoo. Walipewa benchi la mbele.

Baada ya nyimbo nne Onsongo aliingia nyuma ya pazia kupumzika, jasho likimtiririka. Aliketi kando ya meza, akanywa maji, akasifia mitambo.

Persis alizungusha nobu ya tatu taratibu hadi mwisho.

Alimwinamia kwenye sikio lake lenye nafuu. "Mzee Onsongo, ule wimbo wa mwanamke wa Kenyenya, aliyekaa kitanda cha baba mkwe. Ulikuwa wa kweli?"

Onsongo akacheka, akajibu kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Kweli wapi, dada? Niliutunga mimi. Huyo mwanamke hata simjui."

Nje, spika zilirudia kila neno uwanjani; yeye hakuzisikia. Persis alihisi utamu wa kisasi. Miaka minne alikuwa ameungoja.

"Nani alikutuma? Ni mama mkwe wake?"

"Aa, mama mkwe hapana." Onsongo alijipangusa uso. "Ni mama yake mzazi, Bosibori wa Sironga. Aliniletea jogoo, akalia mlangoni kwangu tangu asubuhi hadi mchana. Alisema binti yake atauawa kwa kipigo, na wazee hawatamruhusu arudi kwao mpaka mume mwenyewe amfukuze. Akaniambia niimbe kitu ambacho hakuna mume anayeweza kukivumilia."

Persis alirudisha nobu hadi sifuri. Kupitia upenyo wa pazia aliwaona wazee wa ukoo wakisimama, mmoja baada ya mwingine, na kuondoka kwenye benchi la mbele, mpaka akabaki mama yake peke yake.