Maiki Inayosikia Kiti

"Na hii inaacha kiti," Fundi Saa alisema, akairudisha maiki ya tatu mezani. "Siitaki."

Muuza vyombo vya muziki alimtazama kwa huruma. Alikuwa amemwonyesha maiki nzuri, zile zinazosogezwa mpaka upana wa vidole viwili kutoka kwenye spika ya gitaa la umeme, zikalinasa gitaa peke yake na kuwaachia walimwengu kelele zao.

"Mzee wangu, wenzako wanaongeza pesa ili kiti kisisikike."

"Mimi nataka gitaa, nataka na kiti kinavyolia nikijinyoosha, nataka na kikohozi changu. Na bei iwe ya mtu anayeishi kwa kutengeneza saa."

Muuzaji aliinama chini ya meza, akaibuka na kijimaiki cha kijivu kisichozidi kidole gumba. "Basi chukua hiki. Rahisi, na kinasikia mpaka dhambi. Mteja wangu wa juzi alitaka kinase hata mifuniko ya sufuria. Sijui watu mmepatwa na nini."

Fundi Saa hakuuliza. Kila mtu na yake.

Yake yalikuwa haya. Miezi miwili nyuma, mama mkwe wake alikaa kituo cha basi saa nne nzima juu ya sanduku lake, akingoja kupokewa. Fundi Saa alikuwa kwa kinyozi akicheza drafti, akidhani mkewe ameenda. Mkewe alikuwa kwa mshonaji akicheza karata, akidhani mumewe ameenda. Bibi yule alifika mwenyewe, kwa miguu, na hakupandisha sauti. Aliwaapisha wote wawili pale sebuleni, kila mmoja auache mchezo wake, kisha akakata hukumu:

"Atakayerudia, mimi nahamia hapa. Chumba cha gitaa kinanitosha."

Tangu hapo, kila siku saa kumi na moja jioni, Fundi Saa alijifungia na gitaa lake mpaka saa kumi na mbili. Ndiyo starehe aliyobakishiwa. Lakini Jumatatu ilikuwa fainali ya drafti, na mpinzani alikuwa muuza nyama, aliyemfunga miaka miwili mfululizo na kumwita "Saa Mbovu" mbele ya wateja.

Alijiandaa kama anayefungua saa ya mkononi. Wiki nzima alipiga gitaa mwenyewe, daftari gotini, akiandika dakika ambazo mkewe humgombeza kutoka jikoni. Dakika ya kumi na mbili: "Baba Pacha, punguza!" Ya thelathini na moja: "Jirani ana mtoto mchanga!" Kimya kidogo, kisha: "Umenisikia?" Ya arobaini na nane: "Mwanamume mzima!" Kila siku vile vile, bila kupishana hata nukta.

"Mke wangu huyu," alijisemea kwa mapenzi. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kushika saa inayokwenda sawasawa hivyo.

Jumamosi, Mama Pacha alipokwenda sokoni, Fundi Saa alikitega kijimaiki mbele ya spika, akakiunganisha na kompyuta kuukuu waliyoiacha pacha walipokwenda bweni, akapiga saa nzima. Dakika ya kumi na mbili alipunguza. Ya thelathini na moja alipunguza tena, akangoja kidogo, akakohoa kikohozi cha mtu anayekubali kosa. Ya arobaini na nane alijinyoosha, kiti kikalia kama kimeonewa.

Jumatatu, saa kumi na moja kamili, aliiwasha kompyuta, akaruka dirishani.

Kwa kinyozi, muuza nyama alikuwa amekwisha kupanga kete. "Saa Mbovu! Mama Pacha kakufungulia?"

"Sukuma kete, acha mdomo."

Fundi Saa alicheza kama mtu anayeona sanduku la mkwe limeshafika mlangoni. Baada ya dakika ishirini na tano, muuza nyama hakuwa na kete ya kusukuma. Watu walipiga makofi, kinyozi akafungua soda, lakini mshindi alikuwa ameshakata kona.

Dirisha alilikuta limefungwa. Upepo ulikuwa umelibamiza, na komeo likaanguka kwa ndani. Alisukuma, akabembeleza. Kutoka ndani alijisikia akiendelea kupiga gitaa, tena vizuri.

Ilibaki njia moja: mlango wa mbele, kisha ukumbi unaopita jikoni. Alivua viatu, akaingia kwa ncha za vidole.

"Jirani ana mtoto mchanga!" sauti ya mkewe ikavuma kutoka jikoni.

Fundi Saa aliganda ukutani, viatu kifuani. Chumbani, gitaa likashuka kwa adabu. Mpango ulikuwa umekaa sawa kama meno ya gurudumu. Alipaswa kufurahi. Lakini moyo ulimchoma. Maskini mke wake, miaka ishirini na miwili wako pamoja, leo anagombana na kompyuta.

Hapana. Drafti ni drafti na mke ni mke. Mkwe na ahamie, liwalo na liwe. Aliviweka viatu chini, akaingia jikoni ameinamisha kichwa.

"Mama Pacha, nisamehe, mimi si..."

Jiko lilikuwa baridi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kandambili za mkewe hazipo. Juu ya sufuria iliyopinduliwa palikuwa na kijimaiki cha kijivu, na kando yake spika ndogo iliyogeuzia uso chumba cha gitaa. Ndani ya spika, mifuniko ikagongana.

"Umenisikia?" spika ikauliza.

Chumbani, mtu akakohoa.