Bakuli Lenye Ua Jekundu

Mzee Yoakimu alibisha hodi kwa jirani mchana, wakati mwiko ulipoanza kugonga sufuria.

Tangu daktari aone sukari yake imepanda na kuagiza mboga za majani kwa wingi, ugali kidogo, mkewe alikuwa akimlisha kama mbuzi. Lakini hapa Nangwa mgeni akikuta chakula haondoki bila kula, na daktari hakusema lolote kuhusu ugeni.

"Shikamoo baba. Karibu chakula."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Akanawa mikono mpaka viwiko. Mbele yake ugali ulifuka moshi, mkubwa kama kichuguu. Akanyoosha mkono.

Jirani akalisogeza sinia kando kwa adabu, akamwekea bakuli lililofunikwa. Ndani mlijaa mnafu na kabichi, na kitonge cha ugali kama yai la kuku.

Yoakimu hakutazama mboga. Alitazama bakuli lenyewe: la bati, lenye ua jekundu, limebonyea ukingoni pale alipolisukuma jana likaanguka chini ya meza yake mwenyewe.

"Mama alilileta asubuhi," jirani alisema. "Na kama unafikiria kwenda kwa katekista, huko amepeleka lile la kijani."