Nguo Zilizozikwa

Abdulrahim alizika viatu kwanza. Juu yake akatupa ovaroli mbili, kofia, kitambaa alichozoea kujifunga puani akiwa kazini, na beseni lililotumika kufulia vyote hivyo kwa miaka minne. Akafukia, akakanyaga udongo, kisha akahesabu tena hatua hadi kisimani. Sitini. Muuguzi alisema hamsini zatosha, ila Abdulrahim hakutaka mchezo.

"Hata beseni langu, bwana?" aliuliza Zulekha, mkewe, akiwa mlangoni na mkono tumboni.

"Hata beseni."

Nyuma ya nyumba yao pale Gazi, chini ya mstafeli, palikuwa na vifusi vitatu vidogo vilivyozungushiwa mawe. Mimba tatu, na hakuna hata moja iliyofika mwezi wa tano. Sasa, Juni 1998, Zulekha alikuwa na ya nne. Ilikuwa na miezi mitatu, na katika nyumba ile kila mtu alitembea kwa kunyata, kana kwamba mtoto angeweza kushtuka akaondoka.

Abdulrahim alikuwa mpuliza dawa katika bustani za hoteli moja ya Diani. Aliua wadudu, magugu na mchwa, ili wageni waote jua bila kuumwa na kitu. Siku alipompeleka mkewe zahanati, alikwenda na sare yake ya kazi. Muuguzi Veronicah, mtu wa bara, alinusa, akaweka kalamu chini.

"Hiyo dawa unapulizia unakuja nayo nyumbani na nguo. Nani hufua?"

"Mke wangu, dada."

"Na mkono?"

"Kwa mkono."

Veronicah alitikisa kichwa. "Siwezi apa ati ndiyo imetoa hizo mimba. Lakini dawa zingine ni mbaya kwa mama mjamzito. Ondoa hizo nguo kwa nyumba. Usichome, hata moshi ni sumu. Chimba shimo mbali na kisima. Kuna kitu ingine ya hiyo kazi huingia nyumbani?"

Abdulrahim alifikiri kwa makini, kama mtu anayetoa ushahidi. "Hakuna."

Kesho yake akaacha kazi, kazi ya mshahara ambayo nusu ya Ukunda waliitamani, akaenda kuchimba mawe ya kujengea. Majirani, ambao hukosa chumvi lakini hawakosi la kusema, walimwita mwendawazimu. Mama yake, Bi. Tumu, aliwajibu barazani: "Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu amekiona, amekizika."

Bi. Tumu naye alikuwa na zamu yake. Kila Ijumaa alileta kombe kutoka kwa mwalimu wa madrasa: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Maandishi yalioshwa kwa marashi, yakamiminwa katika dumu la maji ya kunywa ya Zulekha peke yake. Kombe lilianza baada ya miaka miwili ya ndoa bila dalili yoyote, na miezi michache baadaye Zulekha akapata mimba ya kwanza. Basi hakuna aliyethubutu kulikatiza. Abdulrahim mwenyewe ndiye aliyechota maji kujaza dumu hilo, zuri, zito, lenye mfuniko usiovuja na alama ya kukwanguliwa ubavuni.

Mwezi wa nne uliingia. Zulekha alianza kushona kofia ndogo, akaificha, akaitoa tena.

"Bado naisikia ile harufu," alisema asubuhi moja, akiweka kikombe chini.

Abdulrahim alinusa mikono yake. Miaka minne ya dawa, labda imemwingia ngozini. Akajisugua kwa ndimu na mchanga mpaka akachubuka. Kisha akahamishia mkeka wake barazani, wakawa wanazungumza dirishani kama wachumba wanaowaogopa wazee. Alimkosa sana mkewe, naye alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Siku tisa kabla ya mwezi wa tano, alirudi kutoka machimboni alasiri akakuta wanawake wamejaa nyumbani, na hakuna aliyemtazama usoni. Alichukua jembe, akaenda chini ya mstafeli. Ile kofia ndogo walimfunikia mtoto, ikawa kubwa mno.

Wageni walipotawanyika, Bi. Tumu alimwita kando. "Mwanangu, muache kwa wema. Kila mtu na riziki yake."

"Simwachi, mama."

Zulekha alisikia. "Niache, Abdulrahim," alisema kutoka kitandani, bila kulia. "Kila kibaya chako umekizika. Kilichobaki kibaya humu ndani ni mimi."

Maneno hayo yalimvunja. Alilia mbele ya mama yake, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika baba. Akaingia chumbani, akaketi karibu na mkewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Wewe huna ubaya. Tutajaribu tena, inshallah. Midomo imekukauka. Kunywa."

Aliliinamisha dumu kwa uangalifu, tone lisimwagike. Alikuwa amelichagua mwenyewe kati ya madumu matupu ya bohari ya dawa kule hotelini, mwaka ule kombe lilipoanza. Alilisugua mara saba kwa majivu na mchanga, na kwa kisu akaikwangua ile picha ya fuvu na mifupa, maana haikuwa adabu maneno ya Mungu kukaa pamoja na picha ya mfu.