Hatua za Mwajabu

Gurudumu la nyuma la trekta lilitoka kwa mara ya tatu tangu juzi, na Khalidi akalisukuma hadi kwenye ukuta wa jiko kama mtu anayemtoa mgeni asiyetaka kuaga.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo na jekundu, na Khalidi aliuza maksai wake wanne ili alipate. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Alizeti ilikuwa imefika magotini, magugu yanaifuata mbio, na zizini hakukuwa tena na maksai wa kukimbilia. Trekta likishindwa palizi, msimu umekwenda.

Ajabu ni kwamba shamba la juu lilikubali. Magurudumu yalipita katikati ya mistari bila kugusa hata jani, na Khalidi akashuka mabega yakiwa mapana kuliko alivyopanda. Kisha akaingia shamba la bondeni. Trekta ni lilelile, magurudumu ni yaleyale, lakini kila yalipopita yakalaza alizeti kushoto na kulia. Iddy, jirani yake, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye ua wa minyaa, alimshauri kwa upole alipeleke Mtumba, kwenye mji wa serikali, likapalilie lami.

Iddy hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukujua kupumzika. Alimwona Khalidi akiliosha trekta lile kila jioni, akasema mbele ya watu kwamba hata mtoto haogeshwi hivyo. Watu walicheka. Khalidi naye alicheka, ila yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza.

Basi Khalidi aliamini kwamba nati zimelegea na magurudumu yametanuka njiani. Akapiga jeki, akapima toka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine: sentimita mia moja na arobaini, kama alivyoyaweka. Hakuiamini futi yake. Akafungua, akafunga upya, akajaribu tena shamba la juu: safi kabisa. Akarudi bondeni: balaa lilelile. Mara ya pili aliyafunga kinyume, meno ya tairi yakatazama nyuma, na Iddy akapata la kuwasimulia watu nje ya msikiti hadi Ijumaa.

“Mistari umeipima?” mkewe, Mwajabu, alimuuliza siku hiyo.

“Mistari ni yako. Niipime ya nini?”

Wala hakuwa anambembeleza. Kijiji kizima cha Busi kilizijua hatua za Mwajabu. Msimu wa kupanda watu walimwazima, akatembea pembeni mwa shamba, hatua moja kigingi kimoja, kamba ikavutwa, na mistari ikatoka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kila mstari uliachana na mwenzake sentimita sabini, na Khalidi aliyaweka magurudumu yake kwa hesabu hiyo, mistari miwili ikae katikati yake. Angeweza kumshuku fundi, kiwanda, hata udongo. Hatua za mkewe, hapana.

Mwajabu hakubishana. Tangu trekta lile lifike alikuwa akikaa nalo mbali, akisema harufu ya dizeli inamchefua, na Khalidi alishajua kwamba hakulipenda, anamficha tu. Alimwambia mumewe asifungue tena kitu chochote, asubiri Jumatano, yeye akirudi kutoka Kondoa mjini kwa dada yake watazungumza.

Khalidi hakuwa na subira hiyo. Alilitoa gurudumu mara ya tatu, kisha akampigia simu Mzee Mazengo, fundi wa Nkuhungu, Dodoma, aliyemsaidia kulichagua trekta, na Jumatano mchana mzee akashuka kwenye basi na mkoba wake wa spana. Khalidi alimwamkia, akamweleza yote kwa pumzi moja. Mzee hakuyagusa magurudumu. Alichukua futi akaenda shamba la juu, kisha bondeni, akainama mstari baada ya mstari. Wakati anainuka, Mwajabu naye alikuwa anashuka shambani akitoka Kondoa, vumbi la safari likiwa bado kwenye khanga yake.

“Juu ni sabini,” mzee alisema. “Huku ni hamsini na tano. Magurudumu yako hayana kosa, mwanangu. Nani aliipima mistari hii?”

“Mimi,” alisema Mwajabu.

Khalidi alitikisa kichwa. Shamba la bondeni lilipandwa wiki ile aliyokuwa Dodoma kulifuata trekta, na sasa alielewa. Kuna mtu alikuja akajifanya fundi wa hatua, akaharibu, na mkewe kwa huruma yake anambebea lawama. Siku tatu za jeki na kuchekwa zilimpanda kichwani zote kwa pamoja.

“Hizi si hatua zako,” alisema. “Miaka minane nakufuata nyuma na mbegu, nazijua. Ulikuwa na nani?”

Mwajabu aliitazama mistari yake, akashindwa kuzuia tabasamu.

“Kweli, sikuwa peke yangu. Ndiyo maana nilikwenda polepole.”

Mzee Mazengo, baba wa watoto saba, aliikunja futi yake haraka, akaondoka kwenda kukagua gurudumu ambalo hakuna aliyemwomba alikague.

“Nitajie jina lake,” Khalidi alisema, sauti imempanda. “Nimfuate sasa hivi.”

“Jina,” alisema Mwajabu, “bado hujampa.”