Jeti ya Faki

Arobaini ya kaka yake, Faki, ilipopita, Mashavu aliishusha ziwani pikipiki ya maji aliyoiacha marehemu, ile ya kuendeshwa kwa kusimama. Ilikohoa, ikazimika. Akaikokota hadi kwa fundi Hamdu, hapo ufukweni.

Hamdu alichomoa plagi, akaikuta nyeusi na imelowa.

"Inakunywa mafuta kupita kiasi," alisema. "Faki hakujua polepole. Yeye gesi mwisho mpaka ng'ambo, ndiyo maana kwenye kabureta aliweka jeti kubwa, ya kupitisha mafuta mengi, pistoni isiungue. Wewe dada yangu unakwenda kama bibi harusi. Lazima nikutilie ndogo."

Akaifungua ile jeti, akamwekea kiganjani. Kilikuwa kijishaba kifupi kuliko ukucha, chenye tundu jembamba, na kichwani kimechubuka kwa bisibisi ya Faki, ambaye hakuwahi kukaza kitu kwa kiasi. Mashavu akaipuliza, kama mafundi wafanyavyo. Pumzi yake ikapita.

"Irudishe, kaka Hamdu."

"Itakuzimikia katikati ya ziwa, nakwambia!"

"Haitazimika nikienda mwendo wake."

"Na utauweza?"

Jeti iliporudishwa, Mashavu aliisukuma mashine majini, akapanda kwa magoti, akaiwasha, akabana gesi hadi mwisho. Ikanguruma. Aliinuka, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili.

Moshi ukatanda juu ya maji. Hamdu aliingia ziwani hadi magotini, viatu na vyote, akasimama akiufuata kwa sikio mlio uliokuwa ukipungua kuelekea ng'ambo.