Tangi Lisilo na Samaki

Pampu ya tatu nayo mzee aliikataa. Muuza samaki wa mapambo aliichomeka kwenye umeme, akatumbukiza mpira wake kwenye ndoo ya maji, mapovu yakapanda vizuri tu. Mzee akafumba macho, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Haina sauti."

"Ndiyo sifa yake, mzee. Watu wanaongeza hela ili wasiisikie."

"Nipe ile pale."

Alionyesha rafu ya chini, kwenye pampu kuukuu iliyojaa vumbi. Ilipowashwa ilinguruma, ikagota, ikanguruma tena. Mzee aliisikiliza muda mrefu, macho amefumba. "Hiyo hiyo," alisema.

Binti yake, aliyekuwa amekumbatia ndoo ya chumvi ya tangi la samaki, hakushangaa. Baba alikuwa fundi saa miaka arobaini, na mashine kwake ilipimwa kwa sikio. Halafu hata angetaka kununua tingatinga, binti angekubali. Wiki tatu tangu wamzike mama, hiki kilikuwa kitu cha kwanza baba kukitaka.

"Umekula chumvi nyingi, mzee, sasa umeanza kuibeba kwa ndoo!" muuza samaki alitania. Mzee hakucheka.

Mama aliugua mapafu miaka miwili. Binti alifanya kazi mbali, na alipofika mazikoni alikuta kila kitu cha ugonjwa kimeshaondolewa: godoro la hewa, chupa za dawa, mashine ya oksijeni ya hospitali, hata kandambili. Alichokikuta ni mzee asiyelala wala kula, anayesukuma wali pembeni mwa sahani kama anatafuta skrubu iliyompotea. Likizo ya binti ilikuwa ya miezi miwili, bila malipo. Aliogopa kwamba akiondoka na kumwacha baba katika hali hiyo, atarudi kuzika tena.

Tangi la kioo likawekwa chumbani. Binti alitaka sebuleni, mzee akasema ng'o. Likae kwenye kona, upande aliokuwa akilala mama, pale ambapo zulia lilibaki na alama nne za magurudumu madogo. Wakakoroga chumvi, wakapima maji, wakapanga mawe ya matumbawe. Mzee akawasha pampu yake.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda na baba bado amelala, mdomo wazi, pampu ikinguruma karibu na mto. Alipoamka alikula mayai mawili. Binti alikwenda kulia jikoni kwa furaha.

Muuza samaki alikuwa amewaonya: maji mapya ya chumvi huua samaki, yaacheni yakomae kwanza. Mawe yakaota utando wa kahawia, ukaja ukaondoka. Kila siku binti alidondoshea dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji na kusoma rangi. Wiki ya tano rangi ikawa ile inayotakiwa.

"Maji yako tayari, baba. Tukachukue samaki."

"Bado."

"Bado nini? Tangi halina hata dagaa. Sasa unatazama nini humo?"

"Sitazami."

Wala hakuwa akidanganya. Mara nyingi binti alimkuta ameketi kitandani, tangi amelipa mgongo.

Halafu asubuhi moja, akipita mlangoni, alimsikia akiuliza kwa upole, "Umeamkaje leo?" Binti akafungua mlango ili aitikie salamu. Baba alikuwa amelala chali, macho amefumba, hakuwa akisema naye. Chumbani hakukuwa na mwingine wa kusalimiwa, ila maji na mawe. Binti akarudisha mlango taratibu. Mzee alikuwa ameanza kuamkiana na mawe. Alihitaji kitu chenye uhai, na alikihitaji kabla ya Jumamosi, siku ya binti kurudi kazini.

"Samaki nitakupa," muuza samaki alimwambia, "lakini ile pampu ni mgonjwa. Ikizimika, wote wanakufa. Usije ukanilaumu."

Ijumaa, baba alipokwenda kunyoa, binti alifanya kazi kama mwizi. Alitia tangini samaki wawili wa rangi ya chungwa na tumbawe moja laini lililofunguka kama ua. Akafunga pampu mpya, ya bei kubwa kuliko zote dukani. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga, na yeye kweli alikuwa anakwenda zake. Alisimama akawatazama samaki wakicheza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliamini baba atapona.

Mzee aliporudi, binti alimpokea kibarazani. "Fumba macho, baba. Usichungulie." Akamshika mkono, akamwongoza hadi chumbani, akimkwepesha meza na viti.

Kizingitini mzee alisimama ghafla.

"Fumbua sasa."

Hakufumbua.

"Fumbua, baba. Wako wawili, wazuri hao!"

"Pampu iko wapi?"

"Nimekununulia nyingine. Hii hata ukiweka sikio huisikii. Ile mbovu nimeitupa, gari la taka limeshapita nayo."

Mzee aliuachia mkono wake. Alipapasa hewani hadi akaupata ukingo wa kitanda, akaketi upande wa mama, macho bado amefumba. Nyuma yake samaki walizunguka jiwe lao bila kishindo.

"Siku walipoizima mashine ya mama yako," alisema, "chumba kilinyamaza hivi hivi."