Sahani ya Fungo

Fungo kazi yake ilikuwa kuonja na kutoa kasoro, na hakuna msitu ambao hakuufikia. Pombe ya mnazi ya huku, alisema imechacha. Ngoma ya kule, alisema wachezaji wana miguu mizito. Kwa hiyo kila alikokwenda alitandikiwa mkeka wake peke yake na kupakuliwa sahani yake peke yake, nusu kwa heshima, nusu kwa hofu.

Siku Bi Nungunungu alipomwoza mwanawe, Fungo aliletewa pilau mkekani. Akaonja, akatikisa kichwa.

"Kuna kitu kimekosekana."

Mara akasikia vicheko nyuma ya jiko. Wageni wengine walikuwa wamezunguka sinia moja, wanalamba vidole. Akainuka, akawaendea kwa hasira.

"Bi Nungunungu, mmenificha chungu kizuri!"

"Chungu ni kimoja, bwana mkubwa. Haya, nawa, ule nasi."

Digidigi na Kima wakampisha katikati. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokula bega kwa bega na yeyote. Akatia mkono kwenye sinia.

Vicheko vikakatika. Mikono yote ikasimama, macho yote yakamgeukia yeye.

Fungo akatafuna polepole. Ladha ilikuwa ile ile ya kule mkekani.

"Vipi, bwana?" Digidigi akauliza kwa woga.

"Tamu," akasema Fungo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akanawa, akaaga.

Hata mkekani hajafika, vicheko vikaanza tena.